Deiwaka: Mwanamuziki wa siku moja anayeokoa jina la bendi

MWENYE harusi anapoikodi bendi, hulipia jina la bendi wala si jina la mpiga gitaa la besi. Hivyo basi, mpiga besi huyo akiugua asubuhi ya sherehe, au akivutwa na donge nono kwingineko, jukumu la kuziba pengo humwangukia kiongozi wa bendi. Hapo ndipo hutafutwa mwanamuziki wa muda, ambaye katika ulimwengu wa muziki wa dansi hujulikana kama deiwaka. Hali yake haitofautiani na ya skwodi katika matatu: hushika kazi kwa saa chache, akapokea ujira wake na kwenda zake.

Kazi hiyo si nyepesi. Wimbo wa rumba, kwa mfano, aghalabu huanza kwa mwendo wa taratibu wenye beti na kiitikio, kisha huingia sebene, sehemu ya kasi ambapo waimbaji hupisha magitaa. Gitaa la rithimu hurudia fungu moja bila kuchoka, la solo likapamba juu yake, huku besi na ngoma zikishikamana. Mara nyingi wakati wa kuingia sebene haujaandikwa popote. Huashiriwa kwa jicho, kwa mkono au kwa mapigo ya ngoma, na mgeni asiyeifahamu ishara huachwa nyuma mbele ya umati.

Ndiyo maana viongozi wenye tajriba hawangoji dharura. Huwa na wapigaji wawili au watatu wa akiba kwa kila ala, na huwatumia mapema orodha ya nyimbo, ufunguo wa kila wimbo na mahali unapokatizwa. Rekodi pekee haitoshi, kwani huenda bendi imeushusha ufunguo ili kumfaa mwimbaji wake wa sasa. Jukwaani, deiwaka husimamishwa anapoweza kumwona kiongozi na mpiga ngoma. Zilipendwa zinazojulikana na wote hutangulizwa, na tungo zenye mikato mingi huahirishwa.

Historia inathibitisha kwamba bendi iliyojiandaa haitikiswi na kuondoka kwa mtu. Simba Wanyika, iliyoasisiwa jijini Nairobi mwaka wa 1971 na ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kutoka Tanga, ilihamwa na wanamuziki kadhaa mnamo 1978, wakaunda Les Wanyika. Nafasi zao zilijazwa na bendi ikaendelea kuvuma. Jijini Kinshasa, TPOK Jazz ya Franco ilikuwa na wapigaji wengi kiasi kwamba kila gitaa lilikuwa na zaidi ya mwenyewe mmoja, na Simaro Lutumba aliweza kuiongoza Franco asipokuwepo.

Hata hivyo, ugomvi mwingi huzuka baada ya vyombo kufungwa. Malipo, nauli, chakula na saa za ziada hufaa kuafikiwa kabla ya wimbo wa kwanza. Vilevile, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 humpa mtumbuizaji haki ya kuidhinisha kurekodiwa kwa onyesho lake. Deiwaka aliyelipwa ya usiku mmoja hajauza, kwa malipo hayo tu, haki ya sauti ya gitaa lake kuuzwa katika albamu.

Naye deiwaka ana miiko yake. Hamgawii mteja nambari yake ya simu kichinichini ili aalikwe peke yake siku nyingine, wala hamsemi vibaya aliyemwachia kiti. Mgonjwa aliyelala nyumbani hujiuliza iwapo atakikuta kiti chake akipona, na ni wajibu wa kiongozi kumtuliza kwa kumweleza wazi kwamba aliyeitwa ameitwa kwa siku hiyo tu.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo huponya pale tu mwenyeji anapomkaribisha kwa maandalizi na kumuaga kwa haki yake.