Steki ya Tarime na Siku Ambazo Hatuipi

Katika migahawa ya hoteli za kitalii upande wa Robanda na Fort Ikoma, wilayani Serengeti, mhudumu humuuliza mgeni nyama yake iive kiasi gani. Tarime mjini swali hilo lingeshangaza. Huku nyama imeiva au haijaiva. Anayethubutu kuagiza steki nene ya kula kwa kisu na uma mara nyingi hutafuna hadi taya zichoke, kisha humlaumu mpishi. Mpishi anaonewa. Ugumu ule uliingia mapema, kabla jiko halijawashwa.

Ng'ombe wetu ni zebu wa pembe fupi, na wataalamu wa mifugo huutaja ukoo wa Tarime miongoni mwa koo za zebu wa Tanzania. Ni mnyama mdogo, mvumilivu wa jua na maradhi, na wengi huvuta jembe miaka kadhaa kabla ya kufika machinjioni. Kadiri anavyozeeka, kolajeni inayofunga misuli yake hukaza na huwa ngumu kuyeyuka kwa moto. Aidha, ng'ombe wenye nundu wana kwa wingi protini iitwayo kalpastatini, inayozuia vimeng'enya vya kulainisha nyama visifanye kazi yake. Kwa hiyo nyama ya zebu inahitaji muda mrefu zaidi baada ya kuchinjwa kuliko ya Angus au Hereford.

Muda huo ndio hatuipi. Ng'ombe huchinjwa alfajiri, asubuhi ananing'inia buchani, jioni amekwisha. Lakini saa chache baada ya kuchinjwa nishati ya misuli huisha, nyuzi zake hushikana na nyama hukakamaa. Katika ng'ombe hali hiyo hukamilika ndani ya saa 24 hivi, maana yake steki ya jioni ileile huliwa ikiwa inakaribia ugumu wake wa juu kabisa! Ikitundikwa kwenye nyuzijoto 0 hadi 4, vimeng'enya huzikata nyuzi polepole, na kufikia siku ya 14 tofauti inahisika wazi mdomoni. Migahawa mingi ya steki ya Ulaya na Marekani huisubiri siku 21 au 28.

Ubaridi nao una masharti. Nyama yenye joto la uhai ikitupwa moja kwa moja kwenye friza, misuli hujikunja na kuwa migumu. Kanuni ya wachinjaji ni kutoishusha chini ya nyuzijoto 10 ndani ya saa 10 za kwanza. Na ng'ombe aliyeswagwa siku nzima kwenda mnadani kisha akachinjwa bila kupumzika huwa amemaliza sukari ya misuli. Nyama yake hubaki nyeusi, yenye kunata, na huharibika upesi. Apumzishwe usiku mzima akiwa na maji.

Turudi kwenye swali la mhudumu. Majimaji mekundu sahanini si damu, ni maji yenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni misulini. Ndani ya nyama kukipita nyuzijoto 65 hivi, nyuzi hujibana na kuyakamua maji hayo, ndiyo maana steki iliyokaushwa huliwa kama ubao. Lakini simshauri mtu aile mbichi, kwani minyoo ya tegu ipo kwa ng'ombe wa ukanda huu. Pima nyuzijoto 63 katikati, iache itulie dakika 3, na hakikisha ina mhuri wa mkaguzi. Nyama ya kusaga ifike 71, maana vijidudu vya nje vimechanganywa hadi ndani.

Nyama choma yetu haina haja ya kuiga haya yote. Hukatwa vipande vidogo, na kutafuna ni sehemu ya raha yake. Anayetaka kuuza steki Tarime au Mugumu, hata hivyo, anunue chumba cha ubaridi kabla ya kununua sahani nzuri. Achague sarara ya fahali mchanga ambaye hajawahi kufungwa nira, na miguu aiachie mchuzi wa moto mdogo. Nawe mteja, kabla ya kuagiza, uliza nyama imetundikwa siku ngapi. Ukijibiwa kwamba imechinjwa leo, agiza choma.