Jinsi mwanafunzi anavyoweza kuchangia hesabu katika lugha huria za kompyuta

USAWA wa maji ya Ziwa Victoria hupimwa kwa mita kutoka usawa wa bahari, nao uko karibu na mita 1,134. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, mwaka 2006 likashuka mno, na mwaka 2020 likafurika katika maeneo mengi ya mwambao. Kwa mvuvi wa mwalo wa Kirumba au Igombe, nusu mita si jambo dogo. Kwa kompyuta, nusu mita hiyo yaweza kupotea kabisa.

Chukua vipimo vitatu vya mfano: 1134.2, 1134.5 na 1134.8. Anayetaka kujua jinsi vinavyotawanyika hufundishwa darasani kutafuta wastani wa miraba ya vipimo, kisha kutoa mraba wa wastani. Jibu sahihi ni 0.06. Lakini kifaa kinachotunza tarakimu saba tu hukadiria kila mraba, ambao ni zaidi ya milioni moja, na mwishowe hutoa sifuri. Yaani ziwa halikutikisika! Kompyuta za kawaida hutunza tarakimu 15 au 16, hivyo kosa hujificha mpaka takwimu ziwe kubwa zaidi.

Dawa yake ilichapishwa na B. P. Welford mwaka 1962: kila kipimo kinapoingia, wastani husahihishwa na tofauti ndogo pekee ndizo zinazojumlishwa. Kanuni hiyo huandikwa kwa mistari michache tu, na kazi ya namna hiyo imo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa Malimbe au Nyegezi mwenye kompyuta na intaneti.

Lugha huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Lugha ya R, inayotumiwa sana na wanatakwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na tangu mwaka 1995 ni huria. Travis Oliphant alikuwa bado mwanafunzi alipoanza kuandika kanuni za hesabu zilizozaa SciPy ya lugha ya Python, mwaka 2001. Jeff Bezanson naye alikuwa mwanafunzi wa MIT wakati Julia ilipotangazwa mwaka 2012.

Ugumu hauko katika kuandika kanuni. Wasimamizi hudai majaribio yenye majibu yanayojulikana, pamoja na yale ya kutegea: orodha tupu, namba moja, namba kubwa zinazokaribiana kama zile za ziwa. Hudai pia maelezo ya matumizi, na mara nyingi huirudisha kazi zaidi ya mara moja. Hawaulizi cheti.

Tanzania si mgeni katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Huo ulikuwa mchango wa maneno. Wa hesabu hufuata njia ileile.

Kwa asiyeweza kufanya kazi bure, Google Summer of Code imekuwa ikiwalipa wanafunzi posho kwa kazi hizo tangu mwaka 2005, na tangu 2022 hupokea hata wanaoanza wasio wanafunzi.