Kujifunza Kupiga Picha Baada ya Miaka Hamsini: Je, Kuna Faida?

Siku hizi twaulizwa sana suala moja na akina mama wenzetu, na baadhi ya mabwana pia. Mtu aliyekwisha kulea, akaanza kuitwa bibi, ana maslahi gani kurudi darasani kujifunza ufundi kama huu wa kupiga picha? Fedha atakazozitoa zitarudi? Wengine huuliza kwa nia njema, wengine kwa kicheko. Sisi, ambao kazi yetu ni kusomesha chuoni hapa Unguja, na ambao skuli yetu ilikoma katika madarasa ya msingi, tumeingia darasa hilo hali tumepita miaka hamsini. Kwa hivyo twaona yatupasa kulijibu suala hili kwa dini na kwa hesabu.

Tuanze na umri. Dini yetu haikuweka mpaka wa miaka katika kutafuta ilimu. Masahaba wengi walianza kujifunza Kurani nao ni watu wazima wenye wake na watoto. Na katika maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi yuko Imamu Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra (1026). Huyu alikuwa fundi wa makufuli, na jina lake latokana na kazi hiyo. Alianza kusoma fiqhi alipofika umri wa miaka thelathini hivi, na kabla ya kufa akawa imamu wa zama zake. Basi anayecheka mtu mzima kushika daftari, na ajue anacheka jambo lililofanywa na wema waliotutangulia.

Ama uhalali wa picha zenyewe, maulamaa wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuzihalalisha picha za kamera, kwa hoja kwamba kamera hukizuia tu kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala haiumbi sura mpya. Wengine walimkhalifu, wakazuia ila kwa haja. Kila nyumba na imuulize sheikh wake. Lakini halikhitalifiani neno hili: lililo haramu kutazamwa, ni haramu pia kulipiga picha na kulionyesha watu.

Wala asidhani mtu kuwa ufundi huu hauna asili yoyote kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri kiasi cha mwaka 1040, alichungua namna mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia mahali penye giza. Na hilo ndilo jambo lifanyikalo ndani ya kila kamera. Picha za kwanza za Madina tuzijuazo zilipigwa mwaka 1861 na Muislamu, Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri. Na mwaka 1880 akaipiga picha Makka.

Je, mtu mzima aweza kufahamu? Aweza. Mambo makubwa ni matatu: upana wa tundu la lenzi, muda wa tundu hilo kuwa wazi, na wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Asiyeona vizuri bila ya miwani asikate tamaa, kwani kamera nyingi kubwa zina kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, nacho hurekebishwa kwa nguvu ya jicho la mwenyewe. Na liko somo moja ambalo Muislamu hulihitaji kuliko mwengine. Kamera hukisia mwanga kana kwamba dunia yote ni ya rangi ya kijivu. Ukizipiga picha safu za watoto wa chuo wenye kanzu nyeupe, kanzu hutoka zimefifia kama zilizofuliwa kwa maji ya tope. Hapo huna budi kuongeza mwanga. Ukiwapiga waliovaa mabuibui, weusi hutoka kijivu, hapo hupunguza. Jambo hili dogo halijulikani na wengi wenye simu mkononi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tufanye mfano, kwani bei hutafautiana. Ada ya mafunzo iwe shilingi 250,000. Kamera iliyokwisha tumika pamoja na lenzi yake 800,000. Betri ya akiba, kadi za kuhifadhia picha na mkoba 150,000. Jumla ni 1,200,000. Ukilipwa 150,000 kwa arusi moja, ukatoa nauli na ujira wa msaidizi 50,000, hubaki 100,000. Maana yake ni arusi kumi na mbili kabla ya kupata hata senti moja ya faida. Na arusi hazipangiki kwa usawa: huwa nyingi Shaaban na baada ya Idi, na ndani ya Ramadhani mkoba hukaa ukutani. Asiyeweza kungoja mwaka mzima au zaidi, asianze. Na awezaye kungoja, asikope kwa riba wala asiiguse ada ya watoto.

Wala asitegemee kazi za zamani. Picha ndogo za vitambulisho zilizolisha maduka mengi zimepungua, kwani afisi nyingi sasa humpiga mtu picha papo hapo. Na picha za matembezi kila kijana hujipigia kwa simu yake.

Kimebaki nini basi? Imebaki amana. Katika arusi zetu, upande wa wanawake bibi arusi hukaa amepambwa, na shungi na buibui vimevuliwa. Hapo haingii mwanamume na kamera. Hata kijana wa kike mwenye ufundi huogopwa, isije picha moja ikapita kutoka simu hadi simu mpaka barabarani. Tumeona nyumba ikiingia huzuni kwa jambo hilo. Mama wa makamo anayejulikana mtaani, asiyemwonyesha mtu picha ya mwengine, anayekabidhi kadi kwa wenyewe na kuifuta nakala yake mbele ya macho yao, huyo anacho kitu kisichouzwa dukani. Miaka ambayo watu waidhani ni kasoro yake ndiyo mtaji wake.

Liko pia fungu lisiloingia katika daftari la fedha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na leo picha za duka lile zatuonyesha mji uliokwisha kubadilika. Ni nani atakayehifadhi sura za walimu wetu wa chuo, na kurasa za vitabu vya mkono vinavyoliwa na mchwa makabatini? Kazi hiyo huenda isilipwe, nasi twaifanya.

Jawabu letu basi ni hili. Anayetaka utajiri wa haraka, na atafute kwengine. Anayetaka riziki ndogo ya halali kwa mkono wake, naye ana subira na ni mwaminifu, ufundi huu utamlipa hata akiwa na mvi. Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa na riziki yenye baraka. Amin.