Msaada wa Maafa ni Amana

Sisi wakazi wa Usagara na wa pwani nzima ya Tanga twaijua mvua. Mwezi wa Oktoba 2019 mvua kubwa zilivunja barabara na madaraja huko Handeni na Korogwe, na watu wakapoteza maisha. Maji yakisha kupita, swali huwa moja katika kila nyumba iliyoanguka: Serikali itatusaidia nini, na msaada huo huombwaje? Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza na wasomaji wetu, khasa vijana, kwani aghalabu wao ndio waandikao majina.

Kwanza, yapasa ijulikane kuwa msaada si fidia. Tetemeko la ardhi la Kagera, la tarehe 10 Septemba 2016, lilibomoa nyumba nyingi mno. Misaada ilitolewa, lakini Rais Magufuli alipofika Bukoba Januari 2017 alisema wazi kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Basi asiyeelewa jambo hili hukaa akingoja, na msimu wa kujenga ukampita.

Pili, njia ya kuomba. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mpe khabari siku ile ile. Mtajie idadi ya watu wa nyumbani mwako, na wazee, wagonjwa na wachanga waliomo. Mwonyeshe uharibifu kabla hujaondoa kifusi, na ukiwa na simu ya picha, piga picha. Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa. Na karatasi zako zote zitie katika mfuko wa nailoni kabla ya masika, kwani maji hayabishi hodi.

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni uaminifu. Katika mtaa mmoja tuujuao, baba mmoja aliwaandikisha wanawe watatu, ambao wangali wakila naye chungu kimoja, kuwa kila mmoja ana nyumba yake. Akapata mafungu manne ya unga, na watu wakamsifu kwa werevu. Mjane wa jirani, ambaye ukuta wake ulikuwa umeanguka, alikwenda kujihifadhi kwa kaka yake, asiwepo siku ya kuandikwa. Aliporudi, unga umekwisha. Nasi twakiri: tulikuwapo barazani, tuliyajua yote mawili, tukanyamaza. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tumeamriwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Orodha ya msaada nayo ni amana, na kila jina la uwongo humtoa humo mwenye haki.

Na kilichopokewa kitumike kwa jambo lililokileta. Unga uliwe na watoto, usiuzwe. Mabati yaezekwe, yasipelekwe dukani. Pesa zianze na paa, choo na maji safi, kabla ya madeni ya harusi. Wagawaji nao waisome orodha mbele ya watu na kuibandika mahali pa wazi, ili aliyesahauliwa aseme mapema. Atakayedaiwa hongo ili jina lake liandikwe, asitoe; aipigie TAKUKURU kwa namba 113, wala halipi kitu.

Enyi vijana wetu, mtakapoishika kalamu baada ya mvua nyingine, msianze na waliojipanga mbele yenu. Ulizeni kwanza: nani hayupo hapa, naye nyumba yake imeanguka? Mwenyezi Mungu atuepushe na maafa, na yakitufika, asitujaalie kula haki ya mjane.