Njia ya Homoni Kichwani

Alfajiri huko Malangali, katika nyanda za juu za Ufipa ambako baridi humlazimisha mkamaji kupuliza viganja kwanza, ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa mpaka ndama aletwe amnyonye kidogo. Na wadhanio kuwa huo ni ukaidi tu wamekosea, kwani khabari ya ulimi wa ndama hupanda kwa neva hadi ubongoni, ikazizindua seli ambazo, ijapokuwa ni za neva, hutengeneza homoni iitwayo oksitosini.

Ajabu ya seli za namna hii aliitangaza Mjerumani Ernst Scharrer mwaka 1928, baada ya kuchunguza ubongo wa samaki mdogo, na wengi hawakumsadiki (nami siwalaumu sana). Hatimaye, mwaka 1949, Wolfgang Bargmann wa Kiel alivitia vipande vyembamba vya ubongo rangi itokanayo na gogo la mti wa Amerika ya Kati, iliyochanganywa na shabu ya kromi, akaona kwa hadubini chembe za buluu nzito zikifuatana, mithili ya siafu safarini, kutoka haipothalamasi, kupitia kikonyo chembamba, hata nyuma ya tezi ya pituitari, ambako homoni hungoja kumiminwa katika damu.

Mkamaji, akiona chuchu zimejaa, humvuta ndama kando.