Pweza wa Mikindani na Swali Lisilo na Kipimo

Maji ya bamvua yanapotoka pwani ya Mikindani, mkoani Mtwara, mwamba hubaki wazi na watu hushuka kutafuta pweza. Mzoefu hamtafuti mnyama, hutafuta tundu lake, na mlangoni pake maganda ya kaa na kombe, mabaki ya mlo. Pweza akichomwa hubadilika rangi papo hapo na kung'ang'ania jiwe kwa minyiri yake. Je, anasikia maumivu, au ni mwili tu unaojitikisa?

Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na takriban theluthi mbili zimo kwenye minyiri, si kichwani. Mnyiri uliokatwa huendelea kujikunja ukiguswa. Basi hata tukikubali kwamba kuna kuhisi, bado hatujui anayehisi ni nani: mnyama mzima, au kila mnyiri kivyake.

Fizikia nayo ina mafumbo, na moja lilizuka hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, hakumcheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana hadi leo. Wapo wanaotaja uvukizaji, wapo waliopima wasione kitu. Lakini wote wanajua ugomvi wao utaamuliwa na nini: kipimajoto na saa.

Fahamu haina kipimajoto. Mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers alilitofautisha fumbo hili na mengine: hata tukieleza kazi ya kila neva, hatujaeleza kwa nini kazi hiyo huambatana na kuhisi. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana naye dau kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu katika ubongo ingejulikana. Mwaka 2023 Koch alikiri kushindwa, akalipa mvinyo.

Hata hivyo, dalili zinaweza kukusanywa. Mwaka 2021 Robyn Crook, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, alieleza jinsi pweza waliodungwa asidi walivyopaguguna palipodungwa kwa mdomo, kisha wakakikimbia chumba walimowekwa baada ya kudungwa, ambacho awali walikipenda. Walipopewa dawa ya ganzi, waliacha kupaguguna. Huko si kujitikisa tu. Mwaka uliofuata sheria ya Uingereza ikawatambua pweza kuwa viumbe wenye hisia.

Pwani ya Mtwara inawajua pweza kwa karibu kuliko maabara nyingi, na Mikindani pana kampasi ya wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA. Kama pweza huumia, njia ipi humuua upesi zaidi, na ipi humchelewesha kufa? Hilo linapimika, na wavuvi wa hapa ndio wa kwanza kuulizwa.