Neno la mabibi wa Mbare

Kuna neno la Kishona limenikaa kichwani majuma matatu sasa: kufungisisa. Nililikuta nikimsikiliza Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, katika hotuba aliyoitoa mwaka 2017. Sikio la Mswahili hulipokea kombo. Tunasikia kufunga, kama mtu afungaye mlango au mzigo, kumbe kwa Kishona kufunga ni kuwaza. Kile kipande cha mwisho, -isisa, kinalisukuma tendo mpaka lipitilize. Kufungisisa ni kuwaza kupita kiasi, mawazo yakageuka ugonjwa.

Hata hivyo kosa la sikio letu halikuniacha. Hatua ya kwanza ya ushauri anaousimulia Chibanda huitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua akili. Mswahili asiyejua hata sentensi moja ya Kishona atadhani anaambiwa habari ya kitu kilichofungwa na mtu anayekuja kukifungua. Kwa maana ya maneno atakuwa amekosea. Kwa maana ya kazi yenyewe, sidhani.

Sisi hospitalini tuna neno sonona. Mtaani sijamsikia mtu akisema ana sonona, watu husema, "Nina mawazo." Mwaka jana mpwa wangu aliniambia hivyo hivyo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na siku hizo hakuwa akimaliza chakula chake. "Mjomba, nina mawazo tu." Nikamjibu yatapita, Mungu yupo, nikampa hela ya vocha. Jibu langu hilo ndilo lililonirudisha kwenye hotuba ya Chibanda mara ya pili, na ya tatu.

Anasimulia kwamba mwaka 2005 alikuwa akimtibu msichana wa miaka 26. Akapigiwa simu usiku: binti amejaribu kujiua, yuko hospitali ya mbali na Harare. Daktari na mama mtu wakakubaliana kwamba binti akipata nafuu, aletwe mjini. Siku zikapita. Simu iliyofuata ya yule mama ilikuwa ya msiba. Chibanda akauliza kwa nini hawakuja. Akajibiwa kwamba walikosa nauli ya basi, dola 15.

Katika nchi ya watu milioni 14 hivi, yeye alikuwa mmoja wa madaktari wa akili wapatao 12. Alikuwa na elimu, alikuwa na dawa, na mgonjwa wake alifia upande wa pili wa nauli. Chibanda anasema hapo ndipo alipoanza kujiuliza kazi yake ni nini hasa. Nimesikia wengi wakieleza walivyoingia kwenye ushauri nasaha kwa wito. Huyu alikuwa tayari daktari kamili alipolazimika kujifunza upya namna ya kuwa mshauri, na walimu wake walikuwa mabibi.

Mwaka 2006, Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Harare, alikosa wauguzi wa kumsaidia na alikosa chumba. Alichopewa ni wanawake 14 wa makamo na wazee, wahudumu wa afya wa mtaani, wanaoitwa ambuya utano, mabibi wa afya. Kwa kuwa hapakuwa na chumba, wakakaa nje, kwenye benchi la mbao chini ya mti.

Benchi hilo Chibanda alikuwa amelipa jina la afya ya akili. Mabibi wakakataa, wakamwambia hakuna atakayethubutu kukalia benchi lenye jina hilo. Wakaliita Chigaro Chekupanamazano. Chigaro ni kiti, mazano ni mashauri, na hiyo kupana hatuhitaji mkalimani: ni kupa iliyotiwa -na, ndiyo kupeana kwetu. Kiti cha kupeana mashauri. Daktari alikuwa ameleta benchi la kutolea huduma, wenyewe wakaligeuza la watu wawili. Na Chibanda husema mabibi nao hupata nguvu kwa kazi hiyo.

Mtu akifika zahanati husomewa maswali 14 ya juma lililopita, ajibu ndiyo au hapana. Moja linamuuliza kama kuna nyakati alikuwa akiwaza sana, au akiwaza mambo mengi. "Ndiyo" zikiwa nyingi, anapelekwa benchini. Bibi husikiliza. Matatizo yote hutajwa, kisha mwenyewe huchagua moja, moja tu, wakatafuta hatua ndogo anayoweza kuipiga kabla ya kurudi. Baada ya kufungua akili huja kusimudzira, kuinua, kisha kusimbisa, kutia nguvu.

Matokeo ya utafiti kuhusu benchi hilo yalichapishwa Desemba 2016 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida walibaki na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi, 14 katika kila 100. Benchi limeshafika Malawi, Zanzibar, hata New York, na vijana nao wamefundishwa kukaa na vijana wenzao.

Chibanda anawasifu mabibi kwa jambo moja zaidi: hawahami. Vijana waliofunzwa huondoka kutafuta maisha, bibi yupo palepale.

Ila kuna hesabu inayonisumbua. Katika watu 573 wa utafiti ule, wanawake walikuwa 495. Wavulana wako wapi? Mwanamke hupita zahanati na mtoto, na mimba, na mzazi mgonjwa, akaliona benchi. Kijana wa kiume aende kufanya nini, na haumwi popote?

Mpwa wangu benchi analo. Liko kijiweni kwa bodaboda, ubao mmoja juu ya matofali, na huwa hapo tangu asubuhi. Juzi nilipita nikakaa naye. Nikamuuliza juma lililopita aliwaza sana, au mambo mengi? Alinitazama, akasogea kidogo kunipa nafasi zaidi, akanyamaza. Pikipiki tatu zilipita. Nami, kwa mara ya kwanza, sikumwambia yatapita.